Injini Iliyochukua Jina la Mlima Wetu

Chombo kikimaliza kazi yake huenda wapi? Marekani ilipovipumzisha vyombo vyake vya angani mwaka 2011, miji mingi ilishindana kuvipata. Discovery kiliwekwa katika makumbusho karibu na Washington. Injini zake kubwa zilitolewa, zihifadhiwe kwa safari nyingine.

Huku Afrika Mashariki, injini za gari moshi hazikugombewa hivyo. Mwaka 1955 na 1956 viwanda vya Manchester, Uingereza, vilitengeneza injini 34, kila moja tani 252 hivi, za kuvuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima. Namba 5902 iliitwa Ruwenzori.

Kufika mwaka 1980 zote zilikuwa zimeacha kazi. Makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yalipata mbili tu: Mount Gelai na Mount Shengena. Nyingine zilivunjwa, na Ruwenzori pamoja nazo. Mtoto wa Beni akifika Nairobi leo, jina la mlima wake hatalikuta pale.

Basi, mnunuzi wa vyuma vikuukuu akibisha mlangoni, tuulize kwanza: kitu hiki kikiondoka, nani atakisimulia?