Kamera ndogo ya mfukoni au DSLR? Soma hii kabla hujatoa hela yako

Umejichanga miezi kadhaa, hela ipo, sasa unataka kamera. Ukifika dukani unakutana na makundi mawili. Kuna kamera ndogo inayoingia mfukoni, maarufu kama kompakti, na kuna DSLR ya kuanzia, ile kubwa nyeusi yenye lenzi ya kutoa na kuweka. Muuzaji ana yake, na rafiki naye atakwambia "chukua DSLR, hiyo ndiyo kamera ya kweli."

Jibu fupi ni hili: DSLR inalipa kama utanunua lenzi ya pili. Kama unajua kabisa utaishia na ile lenzi moja inayokuja kwenye boksi, kompakti nzuri inaweza kukupa picha zinazolingana nazo, huku ikiwa na uzito wa nusu tu. Na kompakti ya bei ya chini kabisa? Kama una simu nzuri, huenda ukanunua kitu ambacho tayari unacho.

Tuone kwa nini.

Anza na simu yako

Kabla ya kulinganisha kamera, jiulize simu yako inashindwa wapi. Andika mambo mawili au matatu. Kwa wengi yanakuwa haya:

- Picha za ukumbini usiku zina chengachenga au zimetikisika.
- Ukivuta kitu cha mbali, picha inaharibika.
- Mteja anataka picha ya kuchapa kubwa, ya simu haitoshi.
- Simu ikiwa kazini kupiga picha, chaji inaisha na nafasi inajaa.

Kamera utakayonunua lazima itatue angalau moja kati ya hayo. Kama picha zako zote zinaishia WhatsApp status na simu yako haikusumbui, hela hiyo ina kazi nyingine.

Siyo wewe peke yako unayejiuliza hivyo. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japan, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Simu ndiyo iliyokula soko hilo, na ilianza na kompakti za bei ndogo.

Megapikseli zisikuzuge

Kitu cha kwanza kuandikwa kwenye boksi ni megapikseli. Canon IXUS 185, kompakti ya bei ya chini, ina megapikseli 20. Nikon D3500, DSLR ya kuanzia, ina 24. Ukiangalia namba tu, utasema zinakaribiana.

Tofauti iko kwenye sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Vipimo ni hivi:

- Kompakti ya kawaida: takriban milimita 6.2 kwa 4.6
- Kompakti ya "inchi moja" (mfano Sony RX100, Canon G7 X): milimita 13.2 kwa 8.8
- DSLR ya kuanzia ya Nikon: milimita 23.5 kwa 15.6
- DSLR ya kuanzia ya Canon: milimita 22.3 kwa 14.9

Kwa eneo, sensa ya DSLR inazidi ya kompakti ya kawaida zaidi ya mara 11. Fikiria sufuria na kikombe vikiwa nje wakati wa mvua: kwa muda uleule, sufuria inakusanya maji mengi zaidi. Ndiyo maana mchana kweupe huoni tofauti kubwa, lakini ukumbini usiku kompakti ndogo inaanza kuhangaika.

Sensa kubwa ina faida nyingine pia. Bibi harusi amevaa shela jeupe, bwana harusi ana suti nyeusi, na ngozi zao ni za kahawia au nyeusi. Kamera ikilishika lile jeupe, mara nyingi inatia giza nyuso. Ukiwa na sensa kubwa na ukapiga kwa faili la RAW, unaweza kurudisha mwanga usoni baadaye kwenye kompyuta bila picha kuharibika sana. DSLR zote za kuanzia zinapiga RAW, na kompakti za inchi moja kama RX100 na G7 X pia. Kompakti nyingi za bei ya chini hazina.

Lenzi ndiyo inayoamua

Hapa ndipo wengi wanapopigwa bao.

Lenzi inayokuja na DSLR kwa kawaida ni ya milimita 18-55, na tundu lake la mwanga ni f/3.5 hadi f/5.6. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa na mwanga mwingi kuingia. Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka 2012, inaanzia f/1.8. Canon G7 X Mark III ya 2019 inaanzia f/1.8 na ukivuta hadi mwisho inabaki f/2.8.

Piga hesabu. Sensa ya DSLR ina eneo la karibu mara 3 ya ile ya inchi moja. Lakini tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 4 ya f/3.5. Kwa hiyo ukumbini, ukiwa hujavuta picha, kompakti nzuri inasimama sawa na DSLR yenye lenzi ya boksi. Ukubwa wa kamera haujakusaidia kitu hapo.

Sasa mnunulie DSLR huyo lenzi ya 50mm f/1.8, mojawapo ya lenzi za bei nafuu zaidi kwa Canon na Nikon. Ukilinganisha na f/5.6, ambayo ndiyo unayobaki nayo ukivuta lenzi ya boksi hadi mwisho, mwanga unaoingia ni karibu mara 10. Nyuso zinatoka safi, nyuma ya mtu panafifia vizuri, flashi unaihitaji mara chache. Hapo kompakti haikufikii tena.

Ndiyo maana tunasema DSLR ni mfumo. Unaponunua mwili wa kamera unanunua ruhusa ya kuongeza lenzi na flashi kubwa baadaye. Usipoongeza, unabeba mzigo wa bure.

Safari, mbuga na vitu vya mbali

Wengi wanadhani DSLR inavuta mbali zaidi. Siyo lazima. Lenzi ya 18-55 kwenye Canon inaishia sawa na milimita 88 za kamera ya filamu, yaani inavuta kidogo tu. Simba akiwa mbali kidogo na barabara ya Mikumi au Maasai Mara, kwenye picha atakuwa nukta.

Kompakti ya safari kama Sony HX99 inakwenda kutoka milimita 24 hadi 720, na ina uzito wa gramu 242 tu. Sensa yake ni ndogo, kwa hiyo jua likizama picha zinashuka ubora. Lakini mchana wa mbugani itakupa picha ambayo DSLR yenye lenzi ya boksi haiwezi kabisa. Ukitaka DSLR ifike huko, ongeza lenzi ya 55-250 au 70-300 kwenye bajeti.

Video: kompakti inaweza kushinda

Kama lengo lako ni TikTok au YouTube, soma hapa mara mbili. Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote za 2018, zinaishia video ya 1080p, hazina tundu la maiki ya nje, na skrini zake hazigeuki. Zikirekodi video, kutafuta fokasi ni kwa taratibu.

G7 X Mark III inarekodi 4K, ina tundu la maiki, na skrini yake inageukia juu ujione wakati unajirekodi. Kamera ndogo, kazi kubwa.

Jua, betri na mkono wako

DSLR ina kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, na unachokiona ni mwanga halisi kupitia kioo na lenzi. Saa sita mchana pale Coco Beach au Forodhani, jua linapopiga, skrini ya kompakti huioni vizuri, unapiga kwa kubahatisha. Kwa anayepiga nje kutwa nzima, jambo hili peke yake linatosha kumpeleka kwenye DSLR.

Betri nayo ina hadithi yake. Kwa vipimo vya CIPA, Nikon D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, Canon 2000D picha 500, na G7 X Mark III picha 235. Sherehe inayoanza mchana na kuisha usiku wa manane, huku umeme una mambo yake, hutaki kuwa na betri moja ya kompakti.

Kwa upande wa uzito, D3500 na lenzi yake ni kama gramu 620, wakati G7 X ni 304. Gramu hizo ndizo zinaamua kama kamera utatoka nayo au itabaki kabatini. Pia mtaani na kwenye daladala au matatu, kamera ndogo haivuti macho ya watu. Kubwa inavuta ya wateja, lakini pia ya walinzi na vibaka.

Piga hesabu yote, siyo ya kamera tu

Kosa la kawaida ni kumaliza bajeti kwenye kamera. Kwa DSLR, weka pembeni hela ya:

- Memori kadi mbili, moja ikifa kazi isife nayo
- Betri ya pili
- Begi lenye sponji
- Lenzi ya 50mm f/1.8
- Flashi ya juu, kama utafanya kazi za ukumbini

Kwa kompakti unahitaji kadi, betri ya pili na kipochi. Basi.

Kama DSLR pamoja na hivyo vyote inazidi bajeti yako, usikope. Chukua mwili wa zamani zaidi na lenzi bora. Lenzi nzuri kwenye kamera ya miaka 8 inatoa picha kuliko kamera mpya yenye lenzi ya boksi.

Ukinunua mtumba, kagua haya

1. Idadi ya picha ilizopiga. Shata ya D3500 imepimwa kwa mipigo 100,000. Kwa Nikon, piga picha moja, iweke kwenye tovuti ya kusoma taarifa za picha, utaona namba. Canon nyingi haziandiki namba hiyo kwenye picha, inahitaji programu maalumu.
2. Fangasi kwenye lenzi. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar kuna unyevu mwingi. Mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona kitu kama utando wa buibui, achana nayo. Yako ukishainunua, itunze na vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi za viatu.
3. Mchanga kwenye kompakti. Iwashe na kuzima mara kumi. Lenzi ikikwama au ikitoa sauti ya kusaga, mchanga umeingia, na matengenezo yanaweza kukaribia bei ya kamera.
4. Fokasi ya lenzi za Nikon. Nikon za D3000 na D5000, ikiwemo D3500, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D itakaa, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta yenye maandishi AF-S au AF-P.
5. Pini ya flashi. Baadhi ya Canon za kuanzia, ikiwemo EOS 250D ya 2019, hazina pini ya katikati pale juu. Flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine hazitawaka. Nenda na flashi yako ujaribu kabla ya kulipa.

Mbona wanasema DSLR zimekufa?

Kuna ukweli. Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na D3500 yenyewe imeshaacha kutengenezwa. Kwa mnunuzi wa mtumba hii ni neema, maana wengi wanauza ili wahame. Na lenzi zako hazitatupwa: za Canon EF na EF-S zinafanya kazi kwenye Canon mpya za EOS R kwa kutumia adapta, na fokasi inabaki ya kujiendesha. Nikon nao wana adapta ya FTZ kwa lenzi za AF-S.

Kwa hiyo, uchukue ipi?

- Unataka kulipwa kwa harusi, kipaimara, mahafali: DSLR ya mtumba, 50mm f/1.8 na flashi. Mteja anataka picha za ukumbini na za kuchapa, hapo ndipo inapojilipa.
- Unarekodi video zako mwenyewe: kompakti ya inchi moja yenye tundu la maiki.
- Unasafiri na familia au unakwenda mbugani: kompakti yenye zoom ndefu.
- Unataka kujifunza upigaji picha kwa kina: DSLR, hata ya miaka 10 iliyopita. Kila kitu utakiseti kwa mkono.
- Bajeti inatosha kompakti ya chini kabisa tu: subiri. Baki na simu, endelea kuchanga.

Kama bado huna uhakika, azima au kodi DSLR kwa siku mbili kabla ya kununua. Siku ya kwanza ibebe kila unakokwenda, ya pili piga nayo tukio moja la usiku. Baada ya hapo angalia umepiga picha ngapi na ngapi kati ya hizo simu yako isingeziweza. Idadi hiyo ikiwa ndogo, umeokoa hela nyingi kwa gharama ya siku mbili.