Ubingwa wa Kandanda nchini Kongo: Historia ya Nchi na Umbali Wake

Kandanda ililetwa Kongo na wamisionari na makampuni ya Wabelgiji. Mwaka 1919 chama cha michezo kiliundwa huko Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Vita Club ilizaliwa mjini humo mwaka 1935, na mwaka 1939 mapadri Wabenediktini wa Élisabethville, Lubumbashi ya sasa, wakaanzisha timu ambayo baadaye ikawa TP Mazembe. Katika enzi hiyo kila mji ulicheza peke yake, na bingwa alitambulika katika mji wake tu.

Mwaka 1958 ubingwa wa nchi nzima ulianza kuchezwa. Kwa nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 2,300,000, kila timu kuzizuru nyingine zote lilikuwa jambo lisilowezekana. Ndipo ukazoeleka utaratibu wa kila jimbo kumpata bingwa wake kwanza, kisha mabingwa hao wakutane kuwania taji. Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960, na wiki mbili hazikupita kabla jimbo la Katanga halijajitenga. Tangu hapo ubingwa ulitegemea amani kama ulivyotegemea miguu ya wachezaji.

Baada ya Mobutu kutwaa madaraka Novemba 1965, dola iliufanya mpira kuwa fahari yake. Mazembe, ikiitwa Englebert wakati huo, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968; Vita Club ikafuata mwaka 1973. Timu ya taifa ilishinda Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, ikacheza Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi. Lakini fedha za serikali na za migodi ya shaba zilikaa Kinshasa na Lubumbashi, na sehemu kubwa ya mataji ikakaa huko huko. Bei ya shaba iliposhuka katikati ya miaka ya 1970, barabara zikaachwa zife, na mashariki ikazidi kuwa mbali.

Mwaka 1988 Kivu iligawanywa katika majimbo matatu, na Kivu Kaskazini ikasimama yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ubingwa ukachukua sura ya Ligi ya Taifa, Linafoot. Haukupita muda, vita vya 1996 na 1998 vikalikata jimbo hilo vipande: Goma ikawa chini ya waasi wa RCD, Beni na Butembo chini ya waasi wa RCD-ML. Mpira ulibaki, lakini ulichezewa nyumbani.

Amani ya 2003 ilirudisha matumaini, ingawa majeraha hayakwisha. Tarehe 14 Septemba 2008, mechi ya timu za Nyuki na Socozaki mjini Butembo iliishia katika ghasia na mkanyagano ulioua watu zaidi ya 10. Katika muongo uliofuata Linafoot iligawanywa kwa kanda ili kupunguza gharama za safari. Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni zikapata nafasi ya kucheza ligi hiyo. Kisha mlipuko wa Ebola katika eneo hilo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Mei 2021 ikatangazwa hali ya dharura ya kijeshi. Mwishoni mwa Juni 2024 Kirumba, mji ulio kwenye barabara ya Butembo na Goma, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Januari 2025 ikawa zamu ya Goma.

Tangu 1958 majina ya nchi, miji na timu yamebadilika. Kilichodumu ni umbali, na umbali huo haukuumbwa na milima pekee. Umejengwa na vita na kutelekezwa. Anayeitwa bingwa wa Kongo leo ni bingwa wa wale walioweza kusafiri. Wenye mamlaka ya nchi na ya kandanda waanze na barabara na ligi za majimbo, kwa sababu kijana wa Kirumba naye ana haki ya kushindania taji la nchi yake.