Swapu na haibaneti: Linux kwenye umeme wa kukatikakatika

Nafasi ya swapu ni sehemu ya diski ambayo Linux huihesabu kama nyongeza ya RAM. Asili yake ni uhaba. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester kilizindua kompyuta ya Atlas, ambayo kumbukumbu yake ya haraka ilitosha maneno 16,000 hivi, na ngoma ya sumaku ikabeba mara sita ya hapo. Mashine yenyewe ilihamisha kurasa za data huku na huku, na waandishi wa programu wakafanya kazi kana kwamba kumbukumbu ni moja.

Linux ilipata uwezo huo mapema mno. Desemba 1991 mtumiaji mmoja wa Ujerumani, mwenye RAM ya MB 2 tu, alishindwa kujenga kerneli kwenye mashine yake. Linus Torvalds akaifanya kazi hiyo wakati wa Krismasi, na toleo la 0.12 la Januari 1992 likatoka likiwa na swapu. Muundo wa kwanza ulikuwa na mpaka wa ajabu. Ramani ya kurasa zinazofaa ilikaa ndani ya ukurasa mmoja wa baiti 4096, baiti 10 zikiwa za alama ya utambulisho, na biti zilizobaki zilitosha kuhesabu MB 128 kasoro kidogo. Aliyetaka zaidi alitenga patisheni ya pili, na ya tatu, hadi muundo mpya ulipokuja mwaka 1998.

Haibaneti ilikuja baadaye kama mpangaji katika nyumba ya swapu. Kazi iliyoanzishwa na Gabor Kuti na kuendelezwa na Pavel Machek iliingia kwenye kerneli ya majaribio 2.5 mwaka 2002: yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye swapu, mashine huzimwa kabisa, na ikiwashwa hurudi pale pale ilipoachwa. Tofauti na usingizi wa kawaida, haili umeme hata kidogo.

Huko ilikotengenezwa, hiyo ilikuwa njia ya kutunza betri ya laptopu safarini. Katika kata ya Shishiyu, mkoani Simiyu, thamani yake ni nyingine. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kwa muda mrefu baada ya hapo mashine hizo hazikuonekana vijijini. Zilipofika, nyingi zilikuwa za mtumba, zenye RAM ndogo. Umeme wa gridi nao ulisambazwa vijijini hasa kwa miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007, na mgao ukawa jambo la kujirudia. Palipo na ratiba ya mgao, mwenye steshenari huweza kulaza mashine kwa haibaneti na barua iliyochapwa nusu, kisha akaikuta umeme ukirudi. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani isiyo na UPS haipati nafasi hiyo, kwani kuandika RAM nzima kwenye diski huchukua muda. Laptopu yenye betri iliyochoka hupona ikiwa imepangwa kulala kabla chaji haijaisha.

Bahati mbaya, mpangaji alianza kubanwa. Ubuntu iliificha haibaneti kwenye toleo la 12.04, kwa sababu kwenye mashine nyingi haikuaminika. Toleo la 17.04 likaacha patisheni ya swapu na kutumia faili, kwa kawaida lisilozidi GB 2. Mashine ya GB 8 yenye kazi nyingi huenda isipate pa kuweka picha ya RAM yake. Mwaka 2019 kerneli 5.4 ilileta ulinzi ambao, ukiwashwa pamoja na Secure Boot, hukataza haibaneti. Fedora 33, mwaka 2020, ikahamishia swapu ndani ya RAM yenyewe kwa kuibana. Yote yana hoja nzuri, ila yanamfikiria mtu ambaye umeme wake haukatiki.

Anayetaka haibaneti basi huenda akalazimika kuongeza swapu, na hapo ndipo kosa la kawaida hutokea. Amri ya mkswap huipa patisheni utambulisho mpya, lakini mpangilio wa kuwashia bado unataja ule wa zamani. Mashine hulala vizuri, kisha huamka tupu, kazi imepotea. Kwa faili, uwezo uliokuja na kerneli 2.6.20 mwaka 2007, hutajwa pia mahali hasa faili linapoanzia kwenye diski, na faili likiundwa upya mahali hapo hubadilika. Kwa hiyo swapu ya zamani huzimwa kwa swapoff, faili jipya hutengenezwa likiwa angalau sawa na RAM, likapitishwa mkswap na kuwashwa kwa swapon. Ndipo vigezo vya kuwashia, resume na resume_offset, hurekebishwa na initramfs, faili dogo la kuanzishia mfumo, kujengwa upya. Jaribio la kwanza hufanywa umeme ukiwapo, kazi zote zikiwa zimehifadhiwa. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuamka, cha kuchunguzwa kwanza ni draiva ya picha.