Ramani ya Abiria: Ajali za Nairobi katika Jumbe za Mtandaoni

Malalamiko juu ya barabara za Nairobi hayakuanza na mitandao ya kijamii, lakini mwaka 2012 yalipata baraza jipya pale huduma ya Ma3Route ilipoanza kukusanya na kusambaza taarifa za wasafiri kuhusu misongamano, ajali na vizuizi, kwa jina linaloichezea asili ya neno matatu (basi dogo la abiria), ambamo tarakimu 3 husomwa "tatu". Novemba mwaka huohuo Barabara ya Thika ilizinduliwa ikiwa imepanuliwa hadi njia nane, na aliyezoea kuikata kwa miguu akakabiliwa na mto wa magari.

Uzito wa jumbe za Ma3Route ulidhihirika mwaka 2021, watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao walipochapisha uchambuzi wa jumbe zake 874,588 za Twitter, wakapata humo ripoti 32,991 za ajali za miaka ya 2012 hadi 2020, ambazo, zilipounganishwa zile zinazohusu tukio moja, zilibaki ajali 22,872. Kuhesabu hakukuwa kazi; kazi ilikuwa lugha. Mkazi wa Nairobi hataji mahali kwa latitudo na longitudo, bali husema ajali iko karibu na kituo fulani cha mafuta, mkabala na kanisa, au ukishapita steji, tena aghalabu kwa jina lililokatwa. Kwa hiyo algorithi, yaani mfululizo wa kanuni ambazo kompyuta hufuata, ilihitaji orodha ya majina ya mahali kama yanavyotamkwa mjini, pamoja na kuzingatia vijineno vinavyoyatangulia. Waendesha pikipiki walipotumwa kuhakiki baadhi ya ripoti papo hapo, usahihi ulifikia asilimia 92.

Hata hivyo, kumbukumbu hii ni ya abiria kuliko ya mwenda kwa miguu, ijapokuwa yeye ndiye anayeuawa zaidi katika barabara za jiji hilo. Ajali huandikwa upesi kwa sababu imefunga njia. Mtaro usio na kifuniko, gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu, au daraja la kuvukia lililojengwa mbali na steji havileti foleni, na anayevipita ana haja ya kutazama chini kuliko kutazama simu.

Mwaka 2023 kampuni ya Twitter, iliyobadilishwa jina kuwa X, ilifunga mlango wa bure ambao watafiti walizoea kuchotea jumbe, na hesabu ya namna hii ikawa ghali kuiendeleza.