Kutengwa na Ushirika

Miongoni mwa istilahi ambazo Wakristo wa nchi zetu huzitamka kwa hofu kuliko kwa fahamu, sidhani kama ipo inayolizidi neno kutengwa, lililosimamishwa mahali pa neno la Kilatini excommunicatio. Maana aghalabu aliyetengwa hutazamwa kana kwamba Mungu mwenyewe amekwisha kumhukumu, na jina lake limekwisha kufutwa katika kitabu cha uzima.

Neno la Kilatini hutaja kile ambacho mtu ameondolewa, yaani ushirika wa Meza ya Bwana, ilhali letu hutaja tendo tupu la kumweka mtu kando, lisiseme ametengwa na nini wala mpaka lini. Na kwa hiyo walio waangalifu hulikamilisha, wakasema kutengwa na Ushirika. Wayunani huiita adhabu hiyo aphorismos, kutokana na kitenzi kile kile anachokitumia Mathayo katika sura ya 25, mchungaji anapowagawa kondoo na mbuzi siku ya mwisho, na anachokitumia Luka katika Matendo ya Mitume, sura ya 13, Roho Mtakatifu anapoamuru Barnaba na Sauli wawekwe kando kwa kazi yake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walipofika kwa mbuzi waliandika kubagua, na walipofika kwa mitume waliandika kutenga. Basi neno tunaloliita adhabu ndilo lililowapa mitume hao wawili hadhi yao, nami naliona linafaa kuliko kufukuzwa au kulaaniwa, ambayo wengine huyaandika badala yake; kwani ubatizo haufutiki, na aliyebatizwa, hata akizuiliwa mezani, angali mtu wa nyumba ile.

Wala kanisa la kale halikudhani kwamba limeshika mizani ya Kiyama. Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliamuru mzinzi mmoja aondolewe katika jamii, na sababu aliyoitoa ni kwamba roho yake ipate kuokoka siku ya Bwana. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliagiza maaskofu wakutane mara mbili kila mwaka, wapate kuchunguza kama yuko aliyetengwa kwa ugomvi au kwa chuki ya askofu wake; na wale walioikana imani pasipo kushurutishwa, katika zama za udhalimu wa Licinius, uliwapangia miaka 3 ya kukaa pamoja na wasikilizaji, na 7 ya kusujudu, na 2 ya kushiriki sala pasipo sadaka, na baada yake Meza. Baraza lililoihesabu hivyo njia ya kurudi lilijua dhahiri kwamba hukumu ya mwisho si yake. Nayo sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 huiweka adhabu hii katika fungu la adhabu za kuponya.

Walutheri wa Tanzania husema kurudi kundini, nao wanasema vema. Lakini zipo sharika ambazo aliyetengwa akifa kabla ya kurudi, wazee humnyima ibada ya maziko, wakihesabu kwamba shauri limekwisha. Na ningependa wazee hao wasomewe kanuni ya 13 ya Nikea, inayoagiza kwamba anayekaribia kufa, awapo katika toba ya namna yoyote, asinyimwe masurufu ya safari yake, yaani Ushirika mtakatifu, akiuomba.