Bastola ya Mfukoni, Risasi Moja

Kila nikisoma habari za kuuawa kwa Abraham Lincoln, huwa nakwama kwenye ile bastola. Ilikuwa ya Henry Deringer wa Philadelphia, ndogo, urefu kama sentimita 15 hivi. Inaingia mfukoni na hakuna anayeshtuka. Usiku wa Aprili 14, 1865, mwigizaji John Wilkes Booth aliingia nayo Ford's Theatre, akangoja watazamaji waangue kicheko, akafyatua.

Lakini udogo nao una kasoro yake: ilibeba risasi moja tu. Meja Rathbone alipomvaa, Booth aliitupa, akachomoa kisu.

Kwangu mimi, bastola ile ilimfaa mviziaji, si mtu wa kujilinda. Anayejilinda hajui atahitaji risasi ngapi. Mviziaji anajua: moja.