Dinamo na pampu ya freni: historia ya shafti moja kwenye barabara ya Bweremana

Bweremana iko kando ya ziwa Kivu, katika grupema ya Mupfunyi-Shanga, eneo la Masisi. Barabara ya taifa namba 2 inapita hapo ikitoka Goma na Sake kwenda Minova na Bukavu. Gari zinazoijua barabara hiyo zaidi ni za zamani: Hiace za abiria, Land Cruiser, Canter za mizigo. Nyingi zinakula mazuti, na nyingi zina umri kuliko vijana wanaozisukuma asubuhi ili ziwake.

Gari ikikataa kuwaka, wakaaji husema batri imekufa. Mara nyingi kosa liko kwa dinamo, ambayo haijazi tena batri. Gari inasukumwa, moteri inakubali, abiria wanapanda, safari inaendelea. Gari ya esanse yenye dinamo mbovu haiwezi kufika mbali, maana inahitaji cheche za umeme kila wakati. Moteri ya mazuti ya zamani haihitaji cheche. Tangu Rudolf Diesel aonyeshe moteri yake huko Ujerumani mwaka 1897, mazuti huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Ndiyo sababu shofere anaweza kutembea siku nyingi na taa nyekundu ya batri inawaka mbele yake, bila kuhangaika.

Lakini nyuma ya dinamo hiyo kuna chuma kingine ambacho abiria hawakioni, na historia yake inapita Ubelgiji.

Mwaka 1927, Mbelgiji Albert Dewandre alitengeneza servo ya freni inayotumia nguvu ya kufyonza hewa. Kabla ya hapo shofere wengi walitegemea nguvu za mguu wao tu. Katika moteri ya esanse, kikofia kinachozuia hewa kwenye mlango wa kuingilia kinaacha utupu, na utupu huo ukivutwa kwa mpira hadi kwenye servo, pedali inakuwa nyepesi. Ilikuwa nguvu ya bure.

Moteri ya mazuti haina kikofia cha namna hiyo. Inavuta hewa yote inayotaka, kwa hiyo haina utupu wa kugawia freni. Mercedes-Benz ilipoanza kuuza gari ndogo ya mazuti, 260 D, mwaka 1936, gari za namna hiyo zilikuwa chache bado. Zilipoongezeka ilibidi kila moja ipewe pampu yake ya kufyonza hewa.

Dinamo nayo ilikuwa inabadilika. Ile ya kwanza ilitoa umeme kidogo sana moteri ikitembea polepole. Mwaka 1960 Chrysler ya Marekani iliweka katika gari yake Valiant chombo kipya, alternatere, kinachojaza batri hata gari ikisimama na moteri inanguruma. Chombo kilibadilika, lakini jina dinamo halijatoka midomoni mwa watu.

Wajapani walipoleta Land Cruiser za mazuti katika miaka ya 1970, kisha Hiace za moteri 2L na 3L, walifunga pampu ya kufyonza hewa mgongoni mwa alternatere. Shafti moja, mkanda mmoja. Ni akili nzuri ya kupunguza vyuma, lakini mkanda ukikatika, umeme na msaada wa freni vinaondoka pamoja. Servo inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu, na gari inahitaji mguu wa mtu mwenye nguvu sana.

Kwenye tambarare ya Sake mtu anaweza kuponyoka. Kwenye mteremko wa kutoka milima ya Masisi, na gari imebeba familia zinazohama pamoja na magodoro, masufuria na magunia ya maharagwe juu ya paa, ni jambo lingine.

Hapo ndipo kubadilisha dinamo kunataka fundi mwangalifu. Alternatere ya gari ya esanse inaweza kufanana na ile ya mazuti, na bei yake ikavutia, lakini haina pampu nyuma. Fundi akiifunga na kuziba mabomba, batri itajaa vizuri, taa zitawaka, na gari itaondoka bila msaada wa freni. Kosa hili ni baya kuliko dinamo iliyokufa, kwa sababu hakuna taa nyekundu tena ya kumwonya mtu.

Pampu yenyewe inalainishwa na mafuta ya moteri. Bomba moja linaleta mafuta, mpira mwingine unayarudisha chini ya moteri. Mpira huo ukipasuka, mafuta yote yanaweza kumwagika njiani. Sili ya ndani ikichoka, mafuta yanaingia kwenye dinamo na kuharibu makaa yake. Kwa hiyo dinamo iliyolowa mafuta isibadilishwe peke yake bila kuangalia pampu. Fundi anatoa kwanza waya wa batri, anaweka mafuta kidogo ndani ya pampu mpya, kisha anakaza mkanda.

Mwezi wa pili 2024 vita vya M23 vilipokata barabara kati ya Sake na Minova, gari nyingi zililala. Watu na mizigo vilipita ziwani, kwa hatari yake: tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Gari iliyolala miezi mingi hairudi barabarani kama ilivyoachwa. Batri inakufa, mipira inakauka, vibao vidogo ndani ya pampu vinaweza kukwama.

Kuipima hakuhitaji chombo. Moteri ikiwa imezimwa, shofere anakanyaga freni mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Anaendelea kuikanyaga, kisha anawasha moteri. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, pampu inafyonza. Ikibaki ngumu kama jiwe, abiria washuke, na fundi aitwe kabla ya mtu yeyote kuulizwa nauli.